Mtajuaje Mkiwa Nje?

Jumatatu, 3 Juni

Dada, shikamoo.

Nakuandikia kwa kuwa umetuamuru. Ulisema kwenye semina kwamba kila mwalimu atamwandikia mkufunzi wake kumweleza darasa linakwendaje, na kwa bahati yangu mkufunzi wangu ni wewe, dada wa tumbo moja, uliyekuwa ukinivuta sikio nikikosea hesabu. Pole na mguu. Wanasema ungetutembelea shuleni kila mwezi kama usingevunjika. Nami nasema plasta imeniokolea sikio. Simu huku ni ya kutazamia saa tu, kwa hiyo barua hii anakuletea dereva wa lori la maziwa, na majibu yako mpe huyo huyo.

Sasa nikuambie la moyoni. Ninaogopa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na historia. Mwalimu wa sayansi alipohamishwa, mwalimu mkuu alitupitishia macho ofisini mmoja mmoja, akaniambia, "Wewe una miwani, chukua sayansi." Watu wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo kipindi kikikaribia mikono inatoka jasho. Naandika ubaoni yaliyo kitabuni, wananakili, kengele inalia, namshukuru Mungu.

Wiki iliyopita mtoto mmoja aliuliza kwa nini asubuhi mlango wa chuma ni wa baridi kuliko dawati, ilhali vyote vimelala chumba kimoja. Nikamwambia akae asitupotezee muda. Mtoto mwenyewe ni binti yangu, Redio wako, na unajua jina hilo hakupewa bure. Siku hiyo hakunisemesha mpaka tukamaliza kula. Wifi yako akaniuliza, "Umemfanya nini, mbona leo nyumba imetulia?" Niliona aibu, Dada.

Na nyuma kabisa ya darasa anakaa mtoto wa fundi cherehani. Wenzake wanamwita Hakimu, maana hasemi, anakutazama tu mpaka unajiona una kesi ya kujibu. Tangu Januari sijaisikia sauti yake. Nikikutana na macho ya huyo ndiyo hofu inazidi. Nifanye nini nikiulizwa nisilolijua?

Mdogo wako,
Mwenye Miwani


Ijumaa, 7 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Nimecheka mpaka mguu ukauma, kisha nikaacha kucheka. Hofu unayoisema ninaiona katika barua za walimu wote, ila wengine wanaificha kwa maneno makubwa. Wewe umeisema kwa jina lake.

Dawa yake ni fupi. Ukiulizwa, usijibu. Mtoto akikuletea swali, mrudishie: wewe unafikiri nini? Halafu la pili: mtajuaje? Kisha funga mdomo, hata kama kimya kinawasha. Jibu ukilitoa wewe, swali limekufa pale pale na hakuna atakayelifuata. Wakitafuta wenyewe, wakakosea, wakarudia, watakachokipata hakuna wa kuwanyang'anya.

Kwa hiyo kutojua kwako si kilema. Mimi najua mengi, na ndiyo shida yangu, majibu yananitoka kama chafya. Wewe huna cha kukutoka. Kati ya walimu wote nilionao, nakuona wewe ndiye utakayeweza.

Huyo Hakimu usimlazimishe. Mtafutie swali litakalomvuta. Siku akisema neno, uniandikie, hata likiwa "ndiyo" tupu.

Na nikupe siri ya ofisini, usimwambie mtu. Mkaguzi wa mradi wetu wa kuwafunza walimu atapita mwezi huu ukiisha, na darasa alilochagua ni lako. Atafika Jumatatu ya tarehe mosi Julai. Akikuta watoto wanaimba yaliyoandikwa ubaoni, mradi huu unafungwa na mimi narudi kusahihisha mitihani. Mimi nami ninaogopa, ila hofu yangu nimeivalisha suti.

Dada yako


Jumatano, 19 Juni

Dada, shikamoo.

Nimefanya ulivyosema. Niliingia darasani na mshumaa mmoja na gilasi mbili, ndogo na kubwa. Nikauwasha, nikaufunika kwa ile ndogo, ukazimika. Sikusema kitu. Wakaniuliza kwa nini umezimika. Nikawauliza wao wanafikiri nini. Walitazamana kama watu waliokuta mlango ambao siku zote ulifungwa sasa uko wazi. Wakaleta gilasi kubwa, mshumaa ukachelewa kuzimika. Wakaja na ndoo, na sufuria ya mwalimu mkuu ya chai. Mwisho Redio akasema, "Unakula hewa. Ikiisha unakufa na njaa." Nilijisikia kulia, mtu mzima mimi.

Mikono sasa haitoki jasho darasani. Hofu imehamia kwa mkaguzi. Mwalimu mkuu naye ameshasikia kwamba anakuja, ijapokuwa sikumwambia mtu, na kila asubuhi ananiuliza maandalio ya somo yako wapi. Usiku nashtuka usingizini nikidhani nimeachwa mbele ya darasa bila mshumaa.

Watoto wamepata swali jingine, kubwa kuliko la mshumaa. Ni lao, wameliokota wenyewe, nami sijalijibu, tena nisingeweza hata nikitaka. Sikuambii ni lipi. Wakimaliza kulifanyia kazi nitakuandikia lote kwa mara moja. Kwa mara ya kwanza nina kitu cha kukuringia.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Juni

Mdogo wangu, marahaba.

Ringa tu, umestahili. Nimewasomea barua yako wakufunzi wenzangu wawili, na mmoja amesema angetamani kukaa katika darasa lako. Nilijifanya sijavimba kichwa.

Nangoja hilo swali lao. Wewe kaza hapo hapo. Watakubembeleza, watanuna, watasema mwalimu fulani zamani alikuwa akituambia. Usiwajibu hata wakilia. Mwalimu hupotea dakika ile ya mwisho, anaona huruma, anasema, kazi yote inamwagika. Kazi yako ni kuuliza swali zuri kuliko lao, basi.

Mkaguzi anataka kuona watoto wanajadili kitu walichokipima wenyewe. Kama hilo swali litakuwa limepata jibu kabla ya Jumatatu ile, tumepona sote wawili. Nisalimie wifi, na Redio umbusu kwa niaba yangu.

Dada yako


Jumatano, 26 Juni

Dada, shikamoo.

Nilisema nitangoja, nimeshindwa, nitapasuka. Hakimu amesema.

Mambo yalianza hivi. Baada ya ule mshumaa Redio alisimama akasema, mshumaa ukifunikwa unazimika, lakini mama akifunga mlango wa jikoni kwa ajili ya baridi, jiko la mkaa halizimiki, kwa nini? Sikujua, na kwa mara ya kwanza kutojua hakukunitisha. Nikawauliza wanafikiri nini. Mmoja akasema jikoni kuna nyufa. Mwingine akasema chumba ni gilasi kubwa tu, kwa hiyo jiko litazimika ila litachelewa. Mtajuaje? Wakasema tutafute chumba kisicho na nyufa. Wamechagua stoo ya shule, ya majembe na madawati mabovu, ambayo haina dirisha na mlango wake ni wa chuma. Wiki nzima wakati wa mapumziko hawachezi mpira, wanaziba mianya kwa udongo na matambara. Wanafanya kazi ile kwa ufundi, ungewaona.

Jana nikawauliza swali ambalo nadhani utalisifu. Mkishafunga mlango, mtajuaje jiko limezimika mkiwa nje? Mkifungua kuchungulia, hewa inaingia, kazi imeharibika. Wakanyamaza. Nami nikanyamaza kama ulivyonifundisha, na kweli kimya kinawasha. Ndipo Hakimu akasimama huko nyuma, akasema, "Mmoja akae ndani." Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani. Darasa zima likampigia makofi. Akasema atakaa yeye, maana yeye anaweza kutulia. Redio, unamjua, akasema kwa nini akae peke yake, watapokezana.

Jioni nilipata wasiwasi kidogo, sikufichi. Nilifikiria moshi. Kwa hiyo nimewaambia wawashe jiko nje, wangoje mkaa wote uwe mwekundu na moshi uishe, ndipo waliingize, wasije wakakohoa. Tutafanya Jumamosi asubuhi nikiwa nao, ili Jumatatu mkaguzi akute matokeo yao ubaoni kwa mwandiko wao.

Umesema nikuandikie hata likiwa neno moja. Haya, yamekuwa matatu.

Mdogo wako


Jumamosi, 29 Juni, asubuhi

Soma hii ukiwa umesimama, halafu kimbia.

Mtoto asiingie. Hata mmoja, hata kidogo, hata mlango ukiwa umeegeshwa. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua. Ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hakohoi. Anasinzia tu, na wenzake wanadhani amelala.

Kama wameshaingia, vunja mlango. Vuta pumzi yako nje kwanza, ingia, uwatoe uwaweke penye upepo, uwapeleke kituo cha afya wapewe oksijeni. Usingoje waamke wenyewe. Usimwulize mtu anafikiri nini.

Barua yako ilifika jana jioni. Niliiweka pembeni niisome leo nikitulia, kwa kuwa barua zako siku hizi nazisoma kwa raha. Nimeifungua sasa hivi. Barua hii nampa mwenye pikipiki, nimemwambia asisimame popote. Sina mguu wa kukimbia nao. Nimekaa mlangoni.

Nijibu neno moja tu. Andika hawajaingia.

Dada


Jumatatu, 1 Julai
Kituo cha afya

Dada, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, kama ulivyosema. Nilikuwa nimesimama nje ya wodi.

Redio amefumbua macho jana mchana. Anatapika, anashika kichwa, lakini amemtambua mama yake na ameomba maji. Daktari anasema ana bahati, alikaa ndani muda mfupi. Wamemwondolea ile mipira ya oksijeni ya puani leo asubuhi. Wifi yako amelala chini ya kitanda chake na hanisemeshi. Akitaka kitu anamwagiza nesi aje aniambie, nami nimesimama hapo hapo.

Sikuwepo, Dada. Nilisema nitakuwa nao, na nilikuwa nimeshavaa viatu, mwalimu mkuu akaniita ofisini niandike upya maandalio ya wiki tatu, kwa sababu ya mkaguzi. Nikampa Redio ufunguo wa stoo, watangulie kufagia wakati nakuja. Nilidhani watanisubiri. Hawakunisubiri, kwa nini wanisubiri, nilikuwa nimewafundisha wasinisubiri. Nilisikia watoto wanapiga kelele upande wa stoo, nikajiambia kumbe wanafurahi, nikamalizia mstari niliokuwa nikiuandika. Huo mstari nauona kila nikifumba macho.

Mwalimu mkuu amekuja hapa jana. Amekaa na mimi kwenye benchi, amenishika bega, akasema katika taarifa niandike kwamba watoto waliiba ufunguo. Anasema ni kwa faida ya wote, hata ya watoto wenyewe. Karatasi ninayo, bado haijaandikwa kitu.

Redio ametumia nguvu nyingi leo kuuliza maswali. Sasa amelala. Kila baada ya muda naenda kuangalia kifua chake kama kinapanda na kushuka.

Mdogo wako


Jumanne, 2 Julai

Mdogo wangu,

Umeniandikia habari za Redio, za wifi, za mwalimu mkuu na za ufunguo. Habari za Hakimu hukuziandika. Nimesoma barua mara nyingi nikimtafuta. Basi nimeelewa.

Sijui niseme nini kwa hilo na sitajaribu leo. Nimelia mpaka jirani akagonga.

Usiandike kwamba wameiba ufunguo. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kimeshafika. Lakini sijifanyi shujaa mbele yako. Mimi pia nimeitwa ofisini, nimeambiwa nisiandike wala kusema kitu mpaka wakubwa watakapokaa kikao, na hasa nisiseme ni nani aliyekufundisha nini. Nimeitikia, ndiyo, sawa, kama mtoto. Barua hii yenyewe naandika nikiwa nimefunga mlango kwa ufunguo.

Redio usimwambie kwa sasa. Kichwa chake hakijapona, habari kama hiyo itamrudisha kitandani. Ngoja apate nguvu. Akiuliza, mpoteze maboya kidogo, mzungumzie kitu kingine. Wewe ni baba yake, utaona namna.

Dada yako


Jumapili, 14 Julai

Dada, shikamoo.

Tuko nyumbani tangu wiki iliyopita. Redio anatembea, anakula, ila miguu inachoka. Mkaguzi alifika Jumatatu ile ile, akakuta shule imefungwa, akageuza gari. Sasa shule imefunguliwa. Nimepewa Kiswahili changu, sayansi haifundishwi.

Sijui nianzie wapi. Redio ananiuliza Hakimu yuko wapi. Nikazungumza kitu kingine, kama ulivyoshauri. Akarudia. Nikaenda kuchota maji na ndoo zilikuwa zimejaa. Juzi akanishika shati akaniuliza tena, nikamwambia, "Wewe unafikiri yuko wapi?" Lilinitoka lenyewe, Dada, kwa sauti ile ile ninayoitumia darasani. Mtoto akaniachia shati. Tangu wakati huo haniulizi chochote. Unajua nyumba yangu ilivyo na kelele. Sasa nasikia saa ya ukutani.

Na mama yake Hakimu. Kila asubuhi, yule fundi cherehani anafunga kazi yake, anakuja kusimama kwenye geti la shule. Hapigi kelele wala hatukani. Kila mwalimu anayepita anamuuliza swali moja, "Nani alimwambia mwanangu akae ndani?" Mwalimu mkuu ametuagiza tumwambie uchunguzi unaendelea. Wenzangu wanamwambia hivyo na kupita. Mimi napitia nyuma, naruka uzio karibu na choo, nikiwa na mkoba na miwani, mtu wa umri wangu. Siku moja aliniona. Hakunifuata, alinitazama tu, na macho ni yale yale ya mtoto wake.

Ile karatasi sijaiandika kitu. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Usiku nafikiria kuandika wameiba, asubuhi nafikiria kuhama. Naogopa wataninyang'anya kazi, naogopa watanifunga, lakini zaidi naogopa siku nitakayokutana na yule mama uso kwa uso na ataniuliza, nami nitafungua mdomo na sijui kitatoka nini. Wewe ulikuwa unajua kila kitu. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


Alhamisi, 18 Julai

Shangazi, shikamoo.

Hujambo? Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, kichwa hakiumi sana. Barua hii nimempa dereva wa maziwa mwenyewe. Baba hajui na mama hajui.

Nataka nikuambie yaliyotokea, maana watu wote wananiambia nipumzike na hakuna anayeniuliza. Tuliwasha jiko nje mpaka moshi ukaisha. Hakimu akaingia na daftari, tukafunga. Tulipopiga mlango aligonga mara moja, maana yake jiko bado linawaka. Halafu ikafika zamu yangu. Mlango ulifunguliwa kidogo, nikapenya, wakafunga haraka ili hewa isiingie. Hakimu alipaswa kutoka. Alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho. Nilidhani amelala. Nikacheka kimoyomoyo kwamba anajifanya hachoki na amelala kazini. Sikumwamsha. Nilitaka nimseme kwa wenzake baadaye. Nikachukua daftari nikaandika jiko bado linawaka, halafu mikono ikawa mizito. Kitu kingine sikumbuki.

Jana nimeenda shule kidogo. Dawati la Hakimu limeondolewa. Nimewauliza wenzangu, wakatazama chini, wamekatazwa kusema na mimi habari hizo. Getini alikuwepo mama yake. Alinikumbatia akalia, halafu akaniacha kama nimemchoma.

Shangazi, nina maswali. Hakimu amekufa? Kama amekufa, ni kwa sababu sikumwamsha? Na baba alikuwa anajua kwamba mkaa unaua? Nikimuuliza baba, ananiuliza mimi. Nikimuuliza mama, anatoka nje. Baba anasema wewe unajua mambo yote ya sayansi.

Nakuomba usiniulize ninafikiri nini. Nimeshafikiri.

Mimi mwanao,
Redio


Jumapili, 21 Julai

Mwanangu, marahaba.

Nakujibu.

Hakimu amekufa. Alikufa siku ile ile, mle ndani, kabla mlango haujafunguliwa mara ya mwisho. Alizikwa kesho yake, wakati wewe ulikuwa hujafumbua macho. Hukuambiwa kwa sababu mimi nilimwambia baba yako asikuambie. Nilisema ni kwa ajili ya kichwa chako. Ukweli ni kwamba niliogopa, na nikamfanya naye aogope.

Swali lako la pili. Hapana. Hakufa kwa sababu hukumwamsha. Nimempelekea salamu daktari aliyekutibu, na nimemwuliza hilo hilo uliloniuliza. Amesema mtu akifika pale Hakimu alipokuwa amefika, haamki kwa kuitwa wala kwa kutikiswa. Wewe mwenyewe uliitwa na kutikiswa na wenzako, na hukusikia. Ulipoandika jiko bado linawaka, sumu ilikuwa imeshaanza kukulaza. Ulimwona mwenzako amefumba macho ukadhani amelala. Mtu mzima asiyeambiwa angedhani hivyo hivyo. Nitakuambia tena kila utakapouliza, hata ukiniuliza miaka yote.

La tatu. Baba yako hakujua. Alifikiri hatari iko kwenye moshi, ndiyo maana aliwaambia mngoje uishe. Mimi nilijua. Nililijua jambo hilo kabla wewe hujazaliwa, nimelifundisha kwa wengi. Lakini nilimwambia baba yako asijibu swali lolote la mtoto, hata mkilia, na sikumwambia kwamba yako maswali ambayo mwalimu anatakiwa kuyajibu pale pale, kabla mtoto hajakaa kitini. Tena kama hajui jibu, alilete swali kwangu kwanza. Nilifurahia barua zake nikasahau kumwambia hilo. Nilikuwa nafundisha darasa ambalo sijaliona.

Umeniuliza matatu, lakini uliuliza jingine kabla ya hayo, na hakuna aliyekujibu. Uliuliza kwa nini jiko la mama yako halizimiki mlango ukifungwa. Mkaa unahitaji hewa kidogo kuliko mshumaa. Hewa ikipungua hauzimiki, unaendelea kuwaka polepole, na ndipo unapotoa ile sumu. Mtu anaanguka kabla ya jiko kuzimika. Ndilo jibu lote, ni sentensi chache, ningeweza kuzituma siku yoyote. Kuuliza kwako hakukuwa na kosa hata chembe.

Mpe baba yako barua hii aisome. Mwambie nimesema ile karatasi ya mwalimu mkuu aandike yaliyotokea, na jina langu aliweke mahali pake. Mimi nimeshaandika ya kwangu, nimeipeleka ofisini mwenyewe kwa magongo.

Jumamosi nakuja, plasta itolewe isitolewe, nitapanda lori la maziwa. Nitakwenda kwa mama yake Hakimu pamoja na baba yako, kwa njia ya mbele, kupitia getini. Wewe ukitaka utakuja, ukiona huwezi utabaki na mama. Ninaogopa, mwanangu, kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Lakini akiuliza nani alimwambia mwanawe akae ndani, nitamjibu mimi.

Shangazi yako